Kwa Yusta, Aliyenyamaza Kagunga

Yusta mwanangu, mtoto wangu wa pekee na wa kujidai naye,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huitaki. Shangazi yako Leokadia ameniambia kwamba simu ikilia, hata iwe ya jirani, unatokea mlango wa jikoni unakwenda kukaa kwenye migomba mpaka inyamaze. Basi hii hailii. Ni karatasi tu, ukiichoka unaikunja, ukitaka kuirudia inakungoja pale pale ulipoiacha.

Nimempa nahodha wa boti ya Kagunga bila bahasha. Akaniuliza barua gani hii mama Yusta, mbona iko uchi. Nikamwambia isome ukipenda, na abiria wako waisome, na mama yeyote mwenye mtoto na simu ndani ya nyumba moja aisome kabla haijafika. Ila mwenye barua ni wewe. Wengine wanachungulia tu.

Mwandiko wangu unaujua. Darasa la saba niliishia pale Mwandiga, lakini kwa mwandiko hakuna aliyenipita, na mwalimu alikuwa ananiita niandike ubaoni yeye akikaa. Haya, nimeshaanza. Najua ungekuwa hapa ungeniangalia kwa lile jicho lako la pembeni, halafu baadaye, ukidhani nimesinzia, ungemwonyesha paka jinsi mama anavyojisifu.

Ulianza kuiga watu kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ulimwiga padri anavyokohoa kabla ya mahubiri. Ulimwiga Mama Hadija jirani yetu, mzaliwa wa Ujiji, anavyovuta neno kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Ulimwiga yule mama Mrundi wa ndizi anavyoita, mpaka asubuhi moja wanawake wa mtaa mzima wakatoka na mabeseni, wakakukuta umekaa juu ya ukuta unajikuna mguu. Yule mama mwenyewe alipofika alikuta wateja wameshakasirika. Aliposikia sababu alikupa ndizi mbivu, akasema huyu akikua nitampa kazi ya kuita, mimi nipumzishe koo.

Na ile siku shangazi yako amekuja kututembelea. Ulijibanza nyuma ya pipa la maji ukaita kwa sauti yangu: wifi, hebu njoo unipokee huku, mgongo umekatika. Leokadia akatoka mbio na khanga moja. Mimi nilikuwa natoka chooni, tukagongana mlangoni, akaniangalia mimi, akaangalia pipa, akakaa chini palepale. Alicheka mpaka machozi. Aliponyanyuka akaniuliza, "Wifi, huyu ulimzaa au ulijitoa kopi?"

Nililitembeza neno hilo Kibirizi nzima. Kila aliyekuja kununua dagaa nilimpa na hilo kama nyongeza. Maana dagaa wangu wanajulikana hawana mchanga, huo si uongo, mteja namwambia tafuna hapa hapa, ukisikia kitu kimelia kwenye jino urudishe. Lakini zaidi ya dagaa nilikuwa na wewe.

Ulipofaulu kwenda sekondari nikakununulia ile simu kubwa pale sokoni Mwanga. Walimu walikuwa wanatuma kazi kwenye kundi, na mimi na kitochi changu ningekusaidia nini. Niliinunua, na nikaitangaza pia, sikatai. Nilisema mwanangu anaijua simu kuliko fundi aliyeiuza. Mama Hadija akaniambia, dada, simu ni kama mwali, usimwache barazani peke yake. Nikamjibu kwamba nalinda. Na nilikuwa nalinda kweli, Yusta, wewe ni shahidi. Kila jioni ulikuwa unaniletea, nashuka na majina kwa kidole kimoja kimoja, natafuta jina la mwanaume. Juma, John, Baraka, yeyote. Sikumwona. Nikamwona Pendo. Pendo ni msichana. Nikakurudishia simu, nikalala usingizi wa mtu mwenye mtoto mzuri.

Dada Pendo mwenye picha ya sare ya shule. Yuko kidato cha tatu huko Tabora, alivyosema. Aliiona ile video yako fupi ukimwiga mpiga debe wa boti, akakuandikia kwamba hajawahi kucheka hivyo, kwamba una kipaji na watu wa mjini wanatafuta watu kama wewe. Ulinisomea ujumbe ule umesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika ufagio. Uso wako siku ile naukumbuka. Nilikwambia mimi nimesema hayo tangu una miaka mitano. Ukasema, wewe ni mama, wewe huhesabiwi.

Na mimi nilimpenda Pendo. Ulikuwa unanishikia simu mdomoni unabonyeza, nami nasema: Pendo mwanangu, hujambo, mama anaendeleaje huko, njoo likizo Kigoma ule samaki wetu mgebuka, usikubali kufa hujamla. Naye anajibu kwa maandishi. Shikamoo mama, nina mafua, sauti imekauka. Wiki nyingine mafua bado. Mwezi mwingine spika imeharibika. Mimi nikakuambia umwambie achemshe mchaichai na limau, na asilale na nywele mbichi.

Sasa nikifikiri hapo nataka kujipiga kichwa kwenye ukuta, maana hilo ndilo jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, sikupaswa kufundishwa na mtu. Pale Kibirizi mitumbwi ikirudi alfajiri huoni uso wa mtu. Unasikia sauti. Nahodha anaita bei yuko bado majini, sisi tunamwitikia tuko mchangani, na biashara inakwisha kabla hatujaonana. Kwa sauti najua huyu kalewa, huyu dagaa wake ni wa jana, huyu ana shida atapunguza. Asiyetoa sauti hanunuliwi, hata angejaza mtumbwi mpaka ukingoni. Hiyo ndiyo sheria yetu, hakuna aliyeiandika. Halafu mtu akakaa ndani ya nyumba yangu miezi, anakuomba wewe sauti, sauti ya mama, sauti ya mwalimu, sauti ya padri, tuma tena, tuma ile ya mama akigombana na mteja, na yeye hata kukohoa hajakohoa. Na mimi nikamwandikia dawa ya mafua.

Wamama mnaochungulia, hilo mlichukue. Anayechota sauti ya mtoto na ya kwake haitoi, huyo si mgonjwa. Na msitafute jina la mwanaume kama nilivyotafuta mimi. Jina ni nguo.

Nilikuwa kwenye vichanja nageuza dagaa pale kitochi kilipolia. Namba siijui. Nikaitika, na nikasikia naongea. Yaani mimi mwenyewe, nasikia naongea. Nikadhani simu imeingiliana na simu nyingine. Mtu anasema: dagaa wangu hawana mchanga mama, tafuna hapa hapa, na mwanangu mimi harari mpaka amalize kusoma, si kama watoto wengine wanaorara saa mbiri. Ati mimi nasema kurara. Nasema hivyo kweli?

Yusta, sikiliza hapa, maana sehemu hii ndiyo niliyokuja nayo Kagunga ukageuza uso ukutani na hukuisikia. Nilicheka. Wallahi, kama anavyoapa Mama Hadija, nilicheka. Nilicheka mpaka mwanamke wa kichanja cha pili akauliza umepata habari gani. Sikujua anayepiga ni nani wala anataka nini, nilijua tu kwamba sauti ile ni yako imevaa ya kwangu, na ulipofika kwenye "tafuna hapa hapa" uliweka hata ule mguno wangu wa puani ambao sikujua kama ninao.

Kisha ikaja ile sentensi nyingine. Nitaifikia.

Kisha likaja dume likaongea kwa sauti yake, mara ya kwanza, sauti nzito ya mtu mzima. Likasema, "Ndivyo mwanao anavyokusema. Na yapo mengine, yatafika shule." Likakata.

Nilikimbia nyumbani na mikono ya dagaa. Simu yako ilikuwa chini ya mto, imezimwa. Sare haipo, daftari zipo. Shuleni hawajakuona. Nilipita mtaa wetu wote wa Buzebazeba nyumba kwa nyumba naita jina lako, na nilipokuwa naita nikawa nasikia jinsi unavyoniiga nikiita, nikawa nanyamaza, naita tena. Jua lilikuwa linazama ndipo yule kijana wa tiketi kule Kibirizi akasema alimwona mtoto wa sare kwenye boti ya Kagunga, kakaa mbele, kajifunika ushungi wa kuazima. Usiku ule mpaka Leokadia alipopata mtandao akanipigia kwamba umefika, mimi sitauelezea. Mama yeyote ataujaza mwenyewe.

Nilitaka kuipiga simu yako na jiwe. Nilikuwa nimeshaiweka kwenye kizingiti. Mama Hadija akanishika mkono, akasema ukiivunja umemsaidia yeye. Tukaenda nayo polisi, kwenye dawati la watoto, tukamkuta afande mwanamke, mdogo tu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Hakuniuliza kwa nini ulimpa mtoto simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo na jibu langu lilikuwa kali. Aliniuliza kama nimefuta chochote. Nikasema sijui hata pa kufutia. Akasema vizuri, usifute, usijibu, usimtukane, hata akikutukana. Kila alichoandika ni ushahidi wetu. Akawasha, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na mimi nikakaa kwenye benchi nikasikiliza miezi ya maisha yako kama mtu anayesomewa habari za nyumba ya jirani.

Nikajua hapo alivyogeuka. Kwanza sifa. Halafu siri, akakupa za kwake za uongo ili nawe utoe za kweli. Halafu siku moja tu akasema: Pendo si Pendo, mimi ni mkubwa, na sauti zako zote ninazo. Njoo Mwandiga stendi, uje peke yako, usimwambie mtu. Usipokuja, ninamtumia mama yako asikie unavyomcheka.

Afande alisimama hapo. Nikamwambia endelea. Akasoma jibu lako.

"Siji."

Akasoma tena kilichofuata: siji hata ukituma.

Yusta. Mtoto wa miaka kumi na minne, peke yake chumbani, hana baba, mama yuko kichanjani anajisifu kwa wateja, na jitu zima limemshika koo. Akaandika siji. Afande alinitazama akasema mama, wengi huenda. Wengi wazuri, wenye akili, huenda, kwa sababu ya hofu. Nikamwambia huyu ni wangu. Nilisimama nikamwambia hivyo, na machozi yananitoka mpaka puani, huyu ni wangu mimi, andika hapo. Maishani nimejisifu mengi ambayo yalikuwa nusu, ninyi wote mnajua. Hili lilikuwa zima. Lile dume lilikuita Mwandiga, barabara ya lami, wewe ukapanda boti ukaelekea upande mwingine kabisa wa dunia, kwao baba yako, kwenye kaburi lake na kwa dada yake. Nani alikufundisha? Si mimi. Mimi nilikufundisha kuitika unapoitwa.

Lakini kuna kitu hakinitoki, na nakiandika hapa mbele za watu. Hakukutisha kwa kisu. Hakusema nitakuua. Alisema nitamwambia mama yako. Fimbo yake ilikuwa mimi. Alipotafuta kitu cha kumtia hofu mtoto wangu, alitafuta nyumba nzima akakuta hakuna kitu kikali kuliko uso wangu. Wewe hukumkimbia yeye. Yeye ulimjibu. Ulimkimbia mama.

Nimekaa na hilo. Ninaligeuza kama dagaa, upande huu, upande huu, halikauki.

Nilikuja Kagunga kesho yake. Ulikuwa umelala unatazama ukuta, na mimi nikaanza kusema, unanijua, nikaanza kwenye boti hata sijafika. Nikasema sikukasirika, nikasema nilicheka, nikasema afande, nikasema siji, nikasema nyumbani nimekuwekea mgebuka wa mawese. Wewe bega lako halikusogea. Leokadia akanivuta nje, akaniambia, "Wifi, punguza maneno. Mtoto amekuja huku kutafuta pasipo na maneno." Nikamwuliza mimi bila maneno nitakuwa nani. Akaenda kuinjika ugali.

Nilirudi mara ya pili, nikajaribu. Nilikaa kizingitini, nikafunga mdomo, nikaangalia wavuvi wanashona nyavu mpaka jua likahama. Ulitoka, ukaweka sahani ya maharage karibu na goti langu, ukarudi ndani. Hukusema karibu. Na wewe ulikuwa mtoto wa kusema karibu kwa sauti saba.

Mganga wa zahanati amekutazama koo akasema zima. Akasema apewe muda. Nampa, lakini muda unapewaje? Dagaa naujua muda wake, jua mbili amekauka, ya tatu anavunjika. Wewe sijui jua lako la ngapi. Shangazi anasema hata mbuzi humwigi. Anasema jirani mwenye kigugumizi alipita akasalimia, kila mtu akakutazama wewe kwa kuzoea, ukainamisha kichwa. Huyu mtu hakuchukua sauti zangu wala za padri. Amechukua ya kwako, na ndiyo iliyokuwa mama wa zote.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana utakisikia, afadhali ukisikie kwangu. Alikuwa amesema yatafika shule. Nikafikiri, yatafika yakiwa moto au yatafika yamepoa, chaguo ni langu. Nikasimama katikati ya vichanja asubuhi watu wamejaa, nikawaambia wanawake, nisikilizeni, mwanangu ananiiga hivi. Nikakuiga wewe unavyoniiga. Dagaa wangu hawana mchanga mama, mwanangu harari. Na mguno. Walianguka chini. Mama Hadija akasema hiyo siyo kuiga, hiyo ni wewe, hujaongeza hata chumvi. Nikarudia kwa wavuvi. Nikarudia kwa padri, nikamwekea na kikohozi chake, akacheka mpaka akakohoa cha kweli. Basi lile dume lilipotuma kwenye kundi la wazazi, kama lilivyoahidi, watu walikuwa wameshacheka. Kichekesho cha pili hakichekeshi. Mwalimu wako wa hisabati mwenyewe, uliyemwiga anavyosema "kwa hiyo basi, kwa hiyo basi," aliandika pale chini kwamba huyu mtoto arudi haraka, somo limedoda.

Sikukuomba ruhusa, na sauti ni yako. Lakini mwizi alikuwa amesimama na mali yako mkononi anatafuta mnunuzi. Nikaigawa bure.

Shule ikaita mkutano wa wazazi. Baba mmoja, simtaji, akasema mbele ya watu mama Yusta ungemnunulia mtoto jembe haya yasingekupata. Watu wakatazama chini. Nikamwambia baba, wako hana simu, hiyo ni kweli, anaazima yako ukisinzia. Wakacheka, yeye hakucheka, na nadhani alipofika nyumbani aliangalia. Kisha nikawaambia nililokuwa nalo. Nikasema mimi nilikuwa namwuliza mwanangu ni nani huyu, kila siku nani, nani, nani, wala sikuwahi kumwuliza anakuambia nini na wewe unajisikiaje akikuambia. Nikasema kaeni nao inapowaka, si kama askari, kama mtu anayetazama moto wa jikoni. Mtoto akikosea kwenye simu, la kwanza litoke mdomoni mwako liwe njoo, lisiwe lete. Ukisema lete, unachukua simu unamwachia hofu. Nikasema mtoto wangu alikuwa na neno la kumjibu mtu mzima, alichokosa ni mahali pa kulipeleka.

Mkutano ulipokwisha mwanamke mmoja alinifuata nyuma ya madarasa. Hakutaka kuonekana. Alikuwa amefunga simu ya binti yake kwenye pindo la khanga kama mtu aliyebeba yai. Binti yake naye ana Pendo. Picha ni ile ile, jina ni jingine, mafua yale yale. Tulikwenda naye kwa afande siku ile ile, na yule binti alikuwa bado hajaenda popote. Bado, Yusta. Umenielewa? Alikuwa ameshaambiwa Mwandiga. Afande ameziweka simu mbili mezani pamoja, anasema njia imeonekana na wanaifuata. Hajakamatwa, sitakudanganya. Ila yule mtoto yuko kwao anakula na mama yake, kwa sababu wewe uliandika neno la herufi nne.

Hayo yote ningekuwa na furaha nayo. Ningeyavaa kama kitenge kipya nikapita nayo sokoni. Lakini nikirudi nyumbani nikafungua mlango, hakuna wa kuniiga nilivyoufungua. Najikuta nasema maneno nasubiri yarudi kutoka chumbani yakiwa yamepinda, hayarudi. Paka naye ananitazama. Juzi nilipiga chafya nikanyamaza kusikiliza. Nimeishiwa mwanangu. Naenda Kibirizi nauza na mchanga, sijali, wateja wanarudisha.

Nilisema nitaifikia ile sentensi. Baada ya dagaa na kurara, kwenye ile sauti, uliacha kuniiga ukaongea kwa sauti yako mwenyewe, ya chini, kama mtu anayemwambia rafiki. Ulisema, "Mama anajisifu vile kwa sababu akinyamaza tutaona hana kitu."

Hiyo sikuwasikilizisha wanawake. Hiyo padri hakuisikia. Najua ndiyo iliyokupandisha boti, si ile ya dagaa. Ulijua nikisikia ya dagaa nitacheka. Ulijua nikisikia hii itaniua. Na nahodha kama unasoma, ruka hapa, hapa si pako.

Haikuniua. Ilinikuta nimesimama, nikakaa. Nikafikiri nani kamwambia huyu mtoto. Baba yako alijua, akafa nalo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia. Tangu nizaliwe nimeongea juu ya shimo, ili nisitazame chini, na wewe ukiwa umekaa na paka wako pembeni ulishatazama zamani, na ulikuwa unaniiga ili nicheke nisianguke. Ni kweli ulivyosema. Ni kweli, na hakuna ugomvi. Tangu uondoke nimenyamaza, na nimeona: nikinyamaza sina kitu. Nilichokuwa nacho kiko Kagunga kimeegemea ukuta.

Kwa hiyo hakuna siri tena ya mtu kukutishia. Lililo baya kuliko yote ulilowahi kusema juu yangu nimelisikia, nimelielewa, na bado ninakutaka. Hakuna lingine nyuma yake.

Nakuja na boti ya Jumamosi. Sitaongea. Nitakaa kizingitini palepale, hata shangazi yako atashangaa. Wewe huna kazi ya kuniomba msamaha wala kunieleza. Ukishindwa kusema kwa sauti yako, sema kwa yangu. Jisifu tu, kwa niaba yangu, neno moja linatosha, nisikie kama bado nipo.

Mimi mama yako wa Buzebazeba,
anayerara kwa shida.